Kibao cha Gari Namba Mbili

Clem Ottewell hakupenda swali linalotaka jibu moja. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atatazama mawingu, atatazama viatu vyake, halafu atakwambia inaweza ikanyesha na inaweza isinyeshe, na kwamba marehemu baba yake aliwahi kuumbuka kwa jambo hilo hilo. Vijana wa kijiji chetu, Kimbleford, walimwona mzee aliyepungukiwa akili. Sisi tuliomjua tangu enzi za magari ya achari hatukumcheka sana, kwa sababu tulijua hali ile aliipatia wapi.

Alianza kazi akiwa mvulana kwenye gereji ya mabasi. Vita vikaja, akapelekwa jangwani kutengeneza vifaru, akarudi na mikono ya dhahabu na kifua kibovu. Alikuwa na mke mpole, bustani ya viazi, na mbwa asiyebweka. Angeweza kurudi kwenye mabasi akazeeka salama, kama si Bwana Aubrey Kestle.

Kestle alirithi kiwanda cha achari kutoka kwa baba yake, na harufu ya siki ilimchefua tangu utotoni. Alichopenda ni magari ya mashindano. Siku zile viwanja vya ndege za kivita vilikuwa vimebaki vitupu, na kila tajiri mdogo mwenye zizi la farasi na mafundi wawili alijiona ana timu. Walipanga marobota ya majani makavu kwenye kona, wakaiita njia ya ndege uwanja wa mbio, na watu wakaja kwa baiskeli na mikate yao mifukoni. Kestle naye akafagia zizi, akamwajiri Clem na mwenzake Sid Mobbs, wakaunda magari matatu. Waliyapaka kijani cha giza kwa kuwa magari ya Uingereza yalipakwa kijani, kama ya Waitaliano yalivyopakwa nyekundu. Watani hawakuchelewa. Walisema Kestle amechukua matango yake kwenye chupa akayatia magurudumu.

Wanawake wa kijijini hawakuona la kucheka. Kwetu kijani ni nuksi, kila mtu anajua. Mama yake Clem hakuwahi kushona gauni la kijani maisha yake yote, na alipomwona mwanawe anarudi nyumbani na rangi hiyo kwenye kucha, alimwambia anawe nje.

Timu yenyewe iliendeshwa kwa kubana. Sukari ilikuwa bado inauzwa kwa kadi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kutupa kitu. Bomba likipinda lilinyooshwa. Fremu ikipasuka ilichomelewa, ikapakwa rangi, ikarudi kazini. Kufikia mwaka ule wa kutawazwa kwa malkia hapakuwa na gari lisilo na makovu, na ukiyavua mabodi yale ya bati usingeweza kulitofautisha moja na jingine, ila kwa kibao kidogo cha shaba kilichofungwa kwa skrubu kwenye fremu, mbele ya dereva, kikisema Moja, Mbili au Tatu.

Na vibao hivyo ndivyo vilivyoleta balaa. Kuvusha gari kwenda mashindano ya ng'ambo kulitaka karatasi za forodha, na karatasi zilitaka dhamana, na dhamana ilimtoa Kestle jasho. Kwa hiyo alikata karatasi za magari mawili tu, Moja na Mbili. Namba Moja lilikuwa lake mwenyewe, aliliendesha polepole kwa heshima kubwa, na hakuna mwingine aliyeligusa. Yaliyobaki ni Mbili na Tatu, ambayo dereva wake alikuwa mmoja, Neville Sarson. Ikitokea Mbili limeharibika siku ya safari, Clem alichukua bisibisi, akang'oa kibao cha Mbili akakifunga kwenye Tatu, na cha Tatu akakihamishia kwenye Mbili. Ofisa wa forodha wa bandari ya Dover alisoma kibao, akasoma karatasi, akagonga mhuri. Wakirudi, vibao vilirudishwa kila kimoja kwake. Timu zote ndogo zilifanya hivyo, na hakuna aliyeona kama ni uongo. Ilikuwa kazi tu, kama kubadilisha tairi.

Neville alikuwa kijana wa benki mwenye masikio makubwa, mpole barazani na chizi kwenye usukani. Mkewe Enid alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwezi Juni timu ilikuwa inajiandaa kwenda Ufaransa, na siku moja kabla ya safari injini ya Namba Mbili ikapasuka. Clem akafanya kama kawaida yake. Akahamisha vibao, wakalipakia Tatu lenye jina la Mbili ndani ya basi kuukuu walilolifanya lori, wakaondoka. Sid alibaki zizini na gari bovu.

Ajali haina kinga. Ufaransa mvua ilinyesha siku nzima ya mbio, na kwenye kona moja iliyopita kati ya miti, gari la Neville liliacha njia. Clem aliliona gurudumu likija peke yake barabarani kabla hajaelewa ni la nani. Walioshuhudia walisema mafuta yalimwagika. Wengine walisema tairi. Mwingine, Mbelgiji, aliapa kwamba usukani ulikataa kukata kona, na Clem akalibeba neno hilo rohoni bila kumwambia mtu. Daktari wa uwanjani alivua kofia. Kisha ilibidi gari lipakiwe, na nje ya basi mvua ikaendelea tu kunyesha, na Clem akarudi nyumbani akiwa ameloa hadi mifupani, kifua kikamshika, akalala kitandani wiki kadhaa akiweweseka.

Alipopata nafuu akaenda zizini. Alikuta kazi imeisha. Kestle hakutaka mjane aje aone vyuma vilivyokunjamana, kwa hiyo Sid alikuwa amefungua magari yote mawili, akanyoosha fremu iliyopinda, akachanganya vipuri vya injini, akayachomelea yote mawili pua mpya, akapaka rangi kila kitu, na kufunga vibao. Magari mawili yamesimama ukutani, kijani cha giza, yanameremeta. Clem akayatazama. Akazunguka huku, akazunguka kule. Kichwa kikaanza kumwuma.

"Sid," akasema, "lipi ndilo?"

"Lipi ndilo nini?"

"Lililomuua Neville."

"Si usome kibao, bwana."

"Vibao uliviweka vipi?"

"Kama vilivyokuwa."

"Kama vilivyokuwa kabla ya Ufaransa, au vilivyotoka Ufaransa?"

Sid akaweka kikombe chini. "We Clem nawe. Nimenyoosha mabomba peke yangu mwezi mzima, wewe umelala unapewa supu. Vilivyokuwa ni vilivyokuwa. Ulitaka nivile?"

Shida ilikuwa hapo, na ilikuwa rahisi kuitaja kuliko kuitatua. Kama Sid alivirudisha vibao kama desturi, basi Namba Mbili ni gari lililobaki nyumbani siku ile, halina kosa. Kama aliviacha vilivyo, Namba Mbili ndilo lenyewe. Jumatatu Sid alisema alivirudisha, maana ndiyo sheria. Jumatano, kwenye baa, alisema hapana, hakuvigusa, nani angekuwa na akili ya kufikiria vibao wakati ule. Ijumaa alikiri kwamba alipofunga vibao alikuwa amekunywa, kwa sababu alimpenda Neville, na kwamba Clem akimwuliza tena atamtia spana mdomoni. Clem akakagua fremu mwenyewe, bomba kwa bomba. Zote mbili zilikuwa na viraka vya miaka, zote zilikuwa na mistari ya kuchomelea, nyingine yake na nyingine ya Sid, na juu ya yote hiyo rangi. Kila alipodhani amepata dalili, aliikuta dalili hiyo hiyo kwenye gari la pili.

Angeweza kuliacha jambo lilale. Watu wangapi wameacha mambo makubwa kuliko hilo yakalala. Lakini Enid akaja.

Alikuja amevaa koti jeusi lililomzidi, akasimama mlangoni pa zizi, hakutaka kuingia. Clem akamfuata nje akifuta mikono. Enid alimweleza kwamba Kestle amempa Hedley Tuck, mdogo wake yeye Enid, kiti cha Neville, na kwamba Hedley amekubali, na kwamba mama yao analia na Hedley anapiga mluzi. Hakuwa na hasira. Alisema kumzuia Hedley ni kama kuzuia upepo, amejaribu tangu yuko kwenye nepi. Kisha akashika pindo la mkono wa ovaroli ya Clem, jambo ambalo kwetu mwanamke hafanyi kwa mume wa mtu.

"Clem, naomba kitu kimoja tu. Asikalie gari lile. Likatwe. Aendeshe lolote jingine, lakini lile asilikalie. Niahidi."

"Naahidi, Bi Sarson," Clem akasema. Lilimtoka kabla hajafikiri, na lilipotoka likawa limetoka.

Akaenda kwa Kestle kueleza. Ofisi ya Kestle ilikuwa juu ya kiwanda, na siki ilipanda mpaka kwenye mapazia. Clem alianza kusimulia habari za vibao, akarudi nyuma, akasahau alipoishia, akaanza upya, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Kestle ulivyozidi kuwa wa huruma, uso wa mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mwisho Kestle alimkatiza kwa upole. Alisema ajali ilitokea kwenye Namba Mbili. Magazeti yameandika Mbili, forodha wameandika Mbili, na yeye mwenyewe amemwandikia mjane kwamba Mbili litakatwa Alhamisi, mbele yake akipenda. Jumamosi Hedley atakimbia na Tatu. "Tusimtie mama wa watu wasiwasi, Clem," akasema. "Kibao kinasema Mbili. Wewe kata Mbili."

Clem alishuka ngazi akiwa hajui kama amepewa amri au amepewa ruhusa. Njia nzima alijisemea kwamba kibao ni kibao. Alipofika kwenye bustani yake ya viazi alikuwa amesadiki, na alipokwisha kunywa chai hakusadiki tena. Mkewe alimwuliza ana nini. Akasema huenda ni kifua.

Alhamisi asubuhi jua lilitoka, jambo lililomshangaza kila mtu. Enid alikuja na keki ndani ya kopo la bati, keki iliyokula sukari yake ya mwezi, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu hata ukienda kuangalia gari likikatwa. Kestle alimwekea kiti. Sid alijifanya ana kazi ya haraka nyuma ya basi. Hedley naye alikuwepo, kijana mwenye nywele za mafuta na koti la ngozi ambalo bado halijakunjika, amejibwaga ndani ya Namba Tatu akijaribu kiti, akigeuza usukani huku na huku.

"Dada, njoo uone," akaita. "Kiti kama cha kinyozi. Nimwambie Clem anichonge na ndevu."

"Hukuwa nazo, hutakuwa nazo," Enid akajibu bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Juni sauti yake ilikuwa sauti yake.

Clem aliivua bodi ya Namba Mbili, akachukua msumeno wa chuma, akaanza na mabomba ya nyuma. Chuma kizuri hakikatwi kwa furaha. Kila bomba lililoachana lilimwuma kwenye meno. Kestle alisimama kidogo kwa adabu kisha akaenda kutazama saa yake nje. Enid akasogeza kiti karibu na Clem, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Alinikalisha humo ndani," akasema taratibu. "Jumapili ile kabla hamjaondoka. Akanisomea kibao kwa sauti ya padri. Gari Namba Mbili, akasema, nyumba yako ya pili."

Clem akaendelea kukata.

"Mlipokwenda kula, nikainama nikafunga utepe. Mwekundu, wa nywele. Huko chini kwenye bomba, mbele ya magoti, asiuone. Bibi yangu alikuwa akisema nyekundu inavunja kijani. Usimwambie Hedley, atanicheka mpaka Krismasi."

"Sikuuona utepe wowote, Bi Sarson."

"Utakuwa umebaki Ufaransa. Haukusaidia, lakini nilifunga."

Clem alikuwa mtu ambaye mawazo yalimfikia mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kanisani. Kwanza likaingia neno Jumapili. Injini ilipasuka siku moja kabla ya safari, na safari ilikuwa Jumanne, kwa hiyo ilipasuka Jumatatu. Vibao alivihamisha Jumatatu. Likaingia la pili, kwamba Jumapili kibao cha Mbili kilikuwa bado kwenye Mbili la kweli, lililobaki. La tatu lilisita mlangoni. Mkono wake, ambao siku zote ulikuwa na akili kuliko kichwa, ulikuwa tayari umeingia chini ya fremu mbele, unapapasa bomba lile la mbele ya magoti.

Kulikuwa na uvimbe. Kitu kama fundo, kigumu, kimepakwa rangi pamoja na bomba. Sid alipopaka hakuinama kutazama, alipitisha brashi tu. Clem akatoa kisu cha mfukoni, akakwangua. Kijani kikabanduka kama ganda la yai, na chini yake pakatokea wekundu.

Alibaki ameinama. Hakuna aliyekuwa anamwona mikono. Enid alikuwa anatazama keki, anafikiria aikate sasa au baadaye, na uso wake umetulia, uso wa mtu aliyekaribia kumaliza safari ndefu. Kufumba kiganja kulikuwa rahisi. Angekata fundo, angelitia mfukoni, angemaliza mabomba yaliyobaki, na mama wa watu angerudi nyumbani na amani yake. Na nani ajuaye kama gari lina kosa lolote? Mafuta yalimwagika. Au tairi. Utepe haushiki gurudumu, na fremu haina kinyongo. Hayo yote Clem aliyajua, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia, kwa sababu upande wa pili wa zizi Hedley alikuwa anapiga mluzi na kuzungusha usukani, na Clem alimkumbuka yule Mbelgiji.

Akajuta kuzaliwa. Kisha akalikata fundo, akasimama, na kufungua kiganja mbele ya Enid.

Enid hakulitambua mara moja. Lilikuwa nusu kijani, nusu jekundu, limekakamaa. Aligusa kwa kidole. Kisha akatazama gari lililokatwa, halafu mkono, halafu gari tena.

"Lakini utepe uko mzima," akasema. "Ulikuwa humu? Siku zote?"

"Siku zote, Bi Sarson. Hili halikwenda Ufaransa. Nilihamisha kibao Jumatatu. Mimi mwenyewe, kwa bisibisi hii."

Hapo Clem alisubiri kupigwa. Angeshukuru kupigwa. Enid aliuchukua ule utepe mgumu akauweka gotini, akajaribu kuunyoosha, na haukunyooka.

"Ulikaa nyumbani," akasema. "Kama mimi."

Kestle alikuwa amerudi mlangoni na amesikia vya kutosha. Uso wake ulipauka. Sisi tunamjua Kestle, si mtu mbaya, lakini alilelewa kuamini kwamba msiba ukitajwa kwa sauti unakuwa mkubwa zaidi. Akakohoa. Akauliza nani anataka chai. Akaondoka mwenyewe kwenda kuitafuta chai hiyo, na kusema kweli hakurudi mpaka mambo yalipokwisha.

"Kuna nini huko?" Hedley akauliza kutoka kwenye kiti. "Dada, umeona panya?"

Enid aligeuka. "Clem," akasema, bado anamtazama mdogo wake, "lile alilokalia ndilo?"

Kuna jibu la kawaida la Clem, mnalijua. Huenda ndilo, huenda silo, fremu imenyooshwa, pua ni mpya, magurudumu ni mengine, na gari ni nini hasa, ni bomba au ni kibao au ni yule aliyelikalia? Aliyawaza yote hayo baadaye kwa miaka mingi. Lakini asubuhi ile, kwa mara moja maishani mwake, alijibu swali kwa jibu moja.

"Ndilo."

Mluzi ulikatika. Hedley alitazama mikono yake juu ya usukani kana kwamba ameiazima. Alijaribu kucheka. Akasema, dada, ni kitambaa tu, na ni vyuma tu, na Jumamosi watu wote wa mtaa wanakuja na mabango. Enid hakubishana naye. Hakulia wala hakumsihi. Alinyanyuka na utepe mkononi, akaenda akasimama kando ya gari, akangoja, kama anavyomngoja mtoto wa darasani aliyepanda juu ya meza. Ilichukua muda. Halafu Hedley akatia mkono kwenye ukingo wa bodi, akajiinua, akashuka. Aliposhuka alijifanya miguu imekufa ganzi.

Wengi hapa kijijini husimulia kisa hiki na kuishia hapo, kwa sababu hapo pana utamu. Mimi nitasema na kilichofuata, kwa kuwa ndicho kilichomvuruga Clem. Kestle hakuwa na gari jingine la kumpa mtu. Mbili lilikuwa vipande, na lilikuwa gari zuri lisilo na hatia. Akamtafuta dereva mwingine, mtu wa kaskazini asiyejua habari, akampa Namba Tatu. Jumamosi yule bwana alikimbia vizuri, akamaliza wa sita, akashuka akaomba bia. Gari halikutikisika hata nukta. Alilikimbiza msimu wote na msimu uliofuata, mpaka Kestle alipochoka na kuliuza, na kila lilipopita salama Clem alishukuru Mungu, kisha akajiuliza amemwokoa nani na nini. Labda hakuwa ameokoa kitu. Labda aliharibu gari jema, akamnyima kijana bahati yake, akamtonesha mjane kidonda kwa ajili ya kipande cha kitambaa. Au labda Hedley naye angekuwa wa kufa humo, na mvua ingekuwa ileile. Alijaribu kulipima jambo hilo kila upande, na kila upande lilikuwa na uzito sawa.

Aliacha kazi ya timu mwaka ule ule. Alifungua kibanda cha kutengeneza mashine za kukatia majani, na mtu akileta mashine mbili kwa pamoja, Clem hakukubali kufungua ya pili mpaka ya kwanza iwe imefungwa na kuondoka. Sid alisema huo ni uchawi. Hedley alifungua duka la baiskeli mjini, akaota kitambi, akaoa, na kila Krismasi alimletea Clem chupa ya ramu. Wakinywa walizungumza habari za mpira. Habari ile hawakuigusa, na ndivyo wanaume wa kwetu wanavyoshukuriana.

Enid hakuolewa tena. Alifundisha watoto wa Kimbleford kusoma, nikiwemo mimi. Mwaka mmoja, kwenye chakula cha mavuno pale ukumbini, yeye na Clem wamekwisha kuwa na mvi, walijikuta mezani jirani, wengine wamekwenda kucheza. Clem alikuwa amelibeba neno lake miaka yote, na divai ya matunda ilikuwa imemlegeza. Akamwambia kwamba asingehamisha vibao, utepe ungekwenda. Kama ungesaidia au usingesaidia hajui, lakini ungekwenda na Neville, asingekwenda peke yake.

Enid alikunja leso yake ya mezani. "Nilijua kwamba mnahamisha," akasema. "Neville aliniambia tangu mwanzo. Tulicheka kitandani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilijua, Clem, na bado nikafunga kwenye namba."

Clem akaweka glasi chini.

"Ningemfunga yeye," Enid akasema. "Mkononi."

Clem akawaza hilo kwa makini, kama alivyowaza kila kitu. Alimwona Neville na masikio yake, kwenye mstari wa kuanzia, mbele ya Wafaransa wote, na utepe mwekundu wa nywele kwenye kifundo cha mkono.

"Asingekubali," akasema. "Angeona haya."

"Ndiyo," Enid akasema. "Angeona haya." Akacheka, akacheka sana, mabega yakimtikisika, na Clem akafurahi na kucheka naye. Ilipita dakika nzima kabla hajagundua kwamba anacheka peke yake, na kwamba mwenzake analia.